Lita Thelathini za Bahari

Wa kwanza kusema nimestaafu ni Masanja, na alisema ili watu wacheke. Tulikuwa tumetoka kufanya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, tunashuka kuelekea barabara kuu na mabegi yetu, akawapungia mkono wauza mahindi ya kuchoma wa Lusahunga. "Mpisheni mama mstaafu," akasema. "Ametunza bahari tangu kidato cha kwanza. Sasa anasubiri pensheni ya konokono." Wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu, kama kawaida.

Neno lenyewe si baya, nimelikubali. Ninyi wadogo zangu wa klabu ya sayansi mmeniomba niwaeleze kazi ya kile kioo cha maji ya chumvi kilichopo maabara, na mmeuliza hasa jambo moja: je, mlete samaki mwingine? Dereva Shomari ameshawaambia yuko tayari kuwatafutia. Kwa mdomo nisingeweza kuwajibu. Mkinizunguka watu watano nasahau hata jina la babu yangu. Kwenye karatasi nina nafuu, kwa hiyo someni polepole, na mtakapoona nimezunguka mjue bado naelekea kwenye jibu.

Kioo hicho alikianzisha Madam Mwanaidi, mwalimu wa baiolojia, muhula uleule nilioanza kidato cha kwanza. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mtu wa Pangani, mrefu, mwenye sauti ya kufika dirisha la mwisho bila kupaza. Alipangiwa kufundisha kwetu, mahali ambapo ukimwambia mtu bahari anakuuliza kama ni ile ya Mwanza. Fundi wa madirisha wa Biharamulo mjini alimkatia vioo na kuvigandisha kwa silikoni, likatokea tangi lenye ukubwa wa katoni ya sabuni za mche. Lita thelathini, nalo likijaa kabisa. Likizo ilipoisha akarudi kutoka kwao na ndoo yenye mfuniko, na ndani ya ndoo mlikuwa na mawe ya baharini, konokono, kaa mmoja anayeishi kwenye gamba la kuazima, na samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Alisafiri nayo kwenye basi ameipakata. Kondakta alimuuliza kama ni maziwa. Akasema ndiyo, kwa sababu kueleza kungechukua safari nzima.

Siku ya kugawana kazi za klabu, wenzangu waligombania mdahalo na bustani. Mimi nilichagua kioo kwa sababu ambayo si ya kisayansi: ilikuwa kazi pekee isiyotaka mtu aongee. Masanja aliwekwa nami kwa sababu mdahalo ulishamkataa. Alikuwa anacheka wapinzani wakiongea.

Somo langu la kwanza Madam alichovya kidole kwenye maji akaniambia nami nichovye, nionje. Nikaonja. Nikauliza, "Nani kaweka chumvi?" Madam alicheka mpaka akavuta stuli akakaa. Halafu akaniambia taratibu kwamba anafundisha mwaka wa ngapi sijui, na hilo swali hakuwahi kuulizwa, na wala hana uhakika kama angeweza kulijibu. Tangu hapo hakuwahi kunicheka tena, na mimi nikawa namuuliza vitu ambavyo sikuwa nathubutu kumuuliza mtu mwingine.

Samaki tulimwita Karoti. Jina lilitoka kwa Masanja. Madam alitaka jina la Kilatini lakini hakuna aliyelishika.

Sasa vifaa, maana bila vifaa nitakuwa nawapigia hadithi. Pampu ya hewa, ile ndogo inayolia kama nyuki ndani ya chupa. Kipasha maji cha kioo, ambacho hakiguswi kikiwa nje ya maji. Kipimajoto. Haidromita tuliyoazima maabara ya fizikia na ambayo fizikia wameacha kuidai. Ni kijiti cha kioo kinachoelea, maji yakiwa na chumvi nyingi kinasimama juu zaidi. Bomba la sindano lisilo na sindano, la kufyonza mabaki ya chakula. Chakula chenyewe ni dagaa wa ziwani waliokaushwa na kusagwa, chembe chache tu. Kila mgeni husema samaki anakula samaki wenzake. Mzoee, mtaisikia mpaka mchoke.

Na ule mstari wa plasta ubavuni mwa kioo. Huo ndio mwalimu wenu. Maji yakishuka chini ya plasta, kilichoondoka ni maji matupu yaliyopanda hewani. Chumvi haipandi. Chumvi imebaki palepale na sasa imezidi. Kwa hiyo unajazia maji ya mvua kutoka kwenye tangi la bati. Hujazii maji ya bahari. Madam alinirudishia jambo hili mara nyingi kuliko jina langu: bahari kubwa ikipoteza ndoo haijui, lakini yetu ikipoteza bilauri inaumwa. Huo ndio ubaya wa kwanza wa bahari ndogo na karibu mabaya yote mengine ni watoto wake. Kosa dogo halina pa kujificha.

Maji ya bahari tulikuwa tunayapata kwa Shomari. Mama mdogo wangu, mdogo wake mama, ndiye niliyekuwa nakaa kwake, anapikia madereva pale Lusahunga magari yanaposimama kabla ya kuendelea Rusumo. Shomari ni mteja wake wa siku nyingi, anapenda maharage yenye karanga. Madam alikwenda kumwona mwenyewe, akamweleza achote mbali na bandari, maji yakiwa yamejaa, na dumu lioshwe bila sabuni. Shomari alisikiliza huku anatafuna, akasema, "Mwalimu, mimi nabeba saruji, mabati, hata magodoro. Bahari sijawahi. Lete madumu." Tangu hapo kila alipopanda kutoka Dar es Salaam alikuwa na madumu mawili nyuma ya kiti. Na hapo ndipo penye uzuri wa bahari ndogo. Kingekuwa kioo kikubwa, hakuna dereva ambaye angetubebea. Kwa chetu, dumu moja lilitosha kubadilishia maji mwezi mzima na zaidi, la pili likawa akiba chini ya meza.

Uzuri mwingine nitawaambia kupitia bibi. Alikuja kutoka Mabawe kumsalimia mama mdogo, nikamleta shuleni aone kazi yangu. Aliinama, akatazama muda, akaniuliza, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "samaki haliwi, maji hayanyweki. Mnafuga nini hapa?" Lakini hakuondoka. Alivuta stuli, akakaa mpaka kengele ya vipindi vya mchana, akaniuliza yule kaa anahama nyumba lini na Karoti analala wapi. Kwenye kitu kikubwa ungeona samaki wengi usimjue hata mmoja. Hapa unamjua huyu. Unajua anapenda jiwe gani, na unajua leo amekula kwa kusitasita. Mimi ambaye darasani nilikuwa sijui nani kagombana na nani, nilijua Karoti ameamkaje kabla sijaweka begi chini.

Kesi ngumu za mwanzo zilikuwa za kuchekesha, ingawa wakati ule hazikuchekesha. Kidato cha kwanza, mwishoni, utingo wa Shomari alivunja mfuniko wa dumu letu, akanunua jingine hapa hapa sokoni ili alitumie safari inayofuata. Kumbe lilikuwa limebebewa pombe ya ndizi. Aliliosha, ndiyo, lakini plastiki inakumbuka. Tulipoweka yale maji, kioo kikageuka cheupe kama maji ya kuoshea mchele, na Karoti akawa anahema karibu na juu. Mama mdogo alisema samaki wetu amelewa, tumpe supu. Tulibadilisha kidogo kidogo kwa dumu la akiba na pampu ikaachwa iungurume mfululizo hadi maji yakarudi kung'aa. Tangu siku hiyo dumu la bahari lina kamba nyekundu, na dumu lisilo na kamba nyekundu halikanyagi maabara. Hiyo sheria ninawaachia.

Kidato cha pili umeme ulikuwa na tabia zake. Betri ya sola ya shule ilishachoka, ikawa inabeba taa za ofisi tu. Umeme ukikatika, pampu inakatika, na katika lita thelathini hewa inaisha haraka. Masanja alileta pampu ya baiskeli ya baba yake, akafunga mpira mdogo mbele, tukawa tunapokezana kupiga taratibu. Mwalimu wa hesabu alipita dirishani, akatutazama, akauliza tunamjaza upepo nani. Masanja akamjibu, "Bahari, mwalimu. Imepata pancha." Mimi nilificha uso nyuma ya kioo. Lakini pampu ile ipo kabatini hadi leo na inafanya kazi.

Baridi ya mwezi wa sita ndiyo sikuizoea. Ninyi mnaotoka Nyakisasa na juu huko Ngara mnaijua kuliko sisi. Samaki wa pwani hajui kitu hicho. Kipasha maji kikikosa umeme asubuhi za namna hiyo, unazungushia kioo blanketi, unaweka ndani chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, na unakaa karibu. Hakuna njia ya mkato. Madam alikuwa anakuja amejifunika kitenge juu ya koti, anaweka kiganja kwenye kioo kama anapima homa ya mtoto.

Kidato cha tatu ndipo mgongo wake ulipoanza. Mwanzo alifundisha ameegemea ubao, baadaye ameketi, halafu zikaja siku ambazo hakuja. Ikaamuliwa aende Tanga kutibiwa, karibu na ndugu zake. Siku ya mwisho alituita mimi na Masanja maabara. Alikuwa amesimama kwa shida. Masanja alianza mzaha, akauacha katikati.

"Sitaki kusema mengi," Madam alituambia. "Huko nitalala chali muda mrefu, nitakuwa naangalia dari. Nataka kuwe na kitu cha kurudia. Nikirudi nimkute Karoti."

Nikasema, "Utamkuta, Madam." Nilisema haraka kabla aibu haijanishika. Kwa hiyo nilikuwa nimeahidi.

Likizo ya mwezi wa sita ikaingia. Tuligawana: nusu ya kwanza mimi nakwenda Mabawe kumsaidia bibi kuchuma kahawa, Masanja anabaki kwa kuwa kwao si mbali na shule, nusu ya pili nabaki mimi. Kwao Masanja ni wafugaji, walihamia huku kutoka Shinyanga yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Ng'ombe anawajua kwa mgongo tu, hata wakiwa mbali. Nilimwachia Karoti bila wasiwasi wowote, na mpaka leo nasema nilikuwa sahihi, hata baada ya yaliyotokea.

Niliporudi nilimkuta mlangoni mwa maabara anatabasamu.

"Alikuwa amelegea," akaniambia. "Nimempa chumvi. Ameanza kuchangamka."

"Chumvi gani?"

"Ile ya ng'ombe. Ya kulamba."

Nikamwuliza kwa nini. Akanishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini amemfungulia mlango mgeni. "Alikuwa analamba kioo, Dativa. Kutwa nzima, mdomo kwenye kioo. Ndama akilegea akaanza kulamba ukuta, hana chumvi mwilini. Unampa, anapona. Nimempa."

Nilisukuma mlango. Karoti alikuwa halambi kioo tena. Alikuwa anarukaruka kutoka pembe hadi pembe, kama mtu aliyemwagiwa kitu cha moto. Haidromita niliyoitumbukiza ilisimama juu, nusu nzima nje ya maji. Konokono wawili walikuwa wamelala chali. Kaa alikuwa ametoka kwenye gamba lake, uchi, na kaa wa aina ile hatoki hivyo akiwa mzima.

"Masanja, hii ni bahari," nikasema. Sikuendelea. Alitazama maji, akanitazama mimi, na nikaona inavyomwingia. Karoti alikuwa anakula ukungu wa kijani kwenye kioo, ndivyo afanyavyo siku zote akiwa na njaa kidogo. Na kulegea kwake kulikuwa baridi tu. Masanja akaweka mikono kichwani, akatoka, akaenda zake.

Mnajua mimi na simu. Mama mdogo akinituma kumpigia mtu wa mkaa namsihi apige mwenyewe. Siku ile nilikimbia hadi barabarani, nikachukua simu ya mama mdogo juu ya meza ya nyanya nikampigia Madam, na nikaongea kabla hata ya salamu. Nikamtajia chumvi ya ng'ombe. Halafu akaniambia pole pole, kama vile tupo darasani: chumvi ile inawekwa madini mengine, shaba imo, kwa ng'ombe ni dawa, kwa konokono na kaa ni sumu. Hao niwaache, wameshakwenda, niwatoe wasije wakaoza ndani. Karoti anaweza kuvumilia. Ila nisibadilishe maji yote kwa mkupuo, nitamuua mimi mwenyewe. Yaingie kwa matone.

"Madam," nikasema, "nitakuarifu."

"Najua utaniarifu," akasema. "Wewe huwezi kudanganya, unanyamaza tu. Usininyamazie."

Matone. Nesi anayekula kwa mama mdogo alinipa mpira mpya wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kupunguza. Niliweka dumu la akiba juu ya kabati, mpira ukashuka hadi kwenye kioo, nikakaza kigurudumu mpaka tone likawa linadondoka, linapumzika, linadondoka. Upande mwingine nikawa nachota yale mabaya kwa bilauri. Ukipita dirishani ungesema samaki amelazwa. Mlinzi alipita akasema hivyohivyo, kisha akaniletea kiti chenye mgongo.

Dumu moja halikutosha. Nikampigia na Shomari. Alikuwa Kahama, amebeba madumu yetu, anataka kupumzika kutwa nzima kwa kuwa tairi lilimsumbua. Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia maneno, lakini aliniacha nimalize. "Huyo samaki mnamuumizaga sana," akasema, halafu akasema anakuja. Kesho yake mchana lori lake lilipanda mpaka geti la shule, kitu ambacho malori hayafanyi, na utingo akashuka na dumu lenye kamba nyekundu begani kama anabeba mtoto mchanga.

Jioni ile Karoti alitulia. Alirudi kwenye jiwe lake, akakaa upande, anahema, lakini amekaa. Nilimpa chembe ya dagaa. Aliitazama ikashuka. Nikampa nyingine, akaimeza.

Nikafunga mlango nikaenda kwa kina Masanja. Nilikuwa sijawahi kufika. Mama yake alikuwa anafagia zizi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimamisha ufagio. "Wewe ndiye wa samaki? Huyu amelala tangu jana, hali, hachungi. Anasema ameua mtu wa mwalimu."

"Hajafa, mama," nikasema kwa nguvu, mpaka ng'ombe mmoja akageuka.

Masanja akatoka amejifunika blanketi. "Kaa je?"

"Kaa amekufa."

"Alikuwa na jina?"

"Hapana."

Akafikiri. "Basi tulimkosea," akasema. Mama yake akampa ufagio. Kesho yake alikuwa maabara kabla yangu, anahesabu matone, hataki mtu amwongeleshe.

Wadogo zangu, nimesikia baadhi yenu mnamtania kwa jambo hilo. Acheni. Alimpa alichokuwa nacho kwao, kile wanachompa ng'ombe wampendaye. Mimi nilijua mambo ya kioo kwa sababu nilifundishwa nikiwa nimesimama pale siku nyingi kuliko yeye. Mkimwachia mtu kazi, mwachieni na sababu zake, si kazi tu.

Karoti akaishi. Mwaka ukaisha, tukaingia kidato cha nne, na Madam akapiga simu kusema upasuaji umekwenda vizuri, anatembea na fimbo, ila daktari amemkataza asikae tena mbali na hospitali ile. Amehamishiwa shule ya huko kwao. Hatarudi.

Nilibaki nimeshika simu. Nikamwambia kwamba Karoti yupo hai.

"Nilikwambia nimkute," akasema, "sasa siwezi kuja kumkuta. Akibaki huko, ni wenu. Akija huku, kwao ni hapo chini tu, kuna mvuvi atakayenionesha alipomtoa. Amua wewe. Wewe ndiye uliyemfuga, mimi nilimleta tu."

Hapo ndipo nilipoanza kupima, uzuri huku na ubaya kule, na mizani haikutulia wiki hadi wiki. Masanja alikuwa upande wa kumbakiza. Hoja yake ilikuwa nzito: "Ng'ombe akiugua kwako ukamponya, humfukuzi. Huyo ndiye wako kabisa." Pia alisema kidato cha kwanza wakija wakikuta mawe na maji tu watasema bahari ni hivyo, na hakuna atakayevuta stuli. Kweli. Wengi wenu mlijiunga klabu kwa sababu ya Karoti, msinikatalie.

Upande wangu nilikuwa na likizo. Kila likizo inatafuta mtu wa kukaa karibu na kile kioo, na watu wenyewe tulikuwa wawili, na wote tunaondoka. Nilikuwa na baridi, na umeme, na plasta ambayo mtu mwenye haraka haitazami. Bahari kubwa inasamehe makosa ya watu. Yetu haina msamaha. Konokono mmoja akifia nyuma ya jiwe, kesho maji yote ni yake. Mimi nilikuwa nimekesha moyoni mwaka mzima nikiogopa kitu ambacho bado hakijatokea, na nilijua huo si ufugaji, ni ulinzi. Na nilijua nikiondoka, hofu hiyo nitawarithisha ninyi, ambao hamkuahidi chochote.

Nilimwambia Masanja uamuzi wangu tukiwa tunaosha bilauri. Aliendelea kuosha. Baadaye akauliza, "Utamfunga vipi?" Nikajua amekubali.

Tulimaliza mitihani, na Shomari alipokuwa anashuka kutoka Rusumo, tulimtayarisha Karoti. Tulimnyima chakula tangu jana yake ili asichafue maji njiani. Ndoo yenye mfuniko, ileile ya Madam, maji ya kioo chake mwenyewe, pampu ndogo ya betri, kanga ya mama mdogo ya kuikinga na jua. Shomari alikuwa amekaa anakula, nami nikamsimamia mbele ya madereva wengine wote nikamweleza: ndoo isikae karibu na injini, pampu isizimwe, mfuniko usikazwe hadi mwisho, akisimama Singida agusishe mkono ndoo aone kama ina joto, na kaka yake Madam atamsubiri Chalinze penye njia ya Tanga. Niliongea mfululizo. Niliponyamaza meza nzima ilikuwa imeacha kula.

"Huyu binti anaongea?" dereva mmoja akauliza.

"Leo tu," mama mdogo akamjibu. "Kuleni."

Masanja alipandisha ndoo kwenye kiti, akaifunga kwa mpira wa baiskeli, akagonga mfuniko kidogo kama mtu anayemgonga ng'ombe ubavuni. Lori likaondoka. Tukarudi shuleni tukasafisha pampu.

Sasa jibu lenu. Kioo mnacho, mawe ni mazima, konokono wapya, waliokuja wadogo na maji ya Shomari, wameshakua. Vitunzeni hivyo mwaka mmoja kamili, na likizo zake zote, na mwezi wa sita wake. Likizo zikipita na plasta haijazama wala maji hayajashuka chini yake, na kuna watu wawili ambao hawajachoka, basi mzungumze na Shomari. Kabla ya hapo msimsumbue, maana yeye hajui kukataa. Na akija huyo samaki, awe mmoja. Mtatamani wawili. Awe mmoja, na mjue tangu siku ya kwanza nani atamrudisha.

Madam alinitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza nikiwa peke yangu, halafu na Masanja, halafu na mama mdogo, ambaye alisema hiyo simu itachakaa. Kwanza kuna mawimbi, halafu yeye anacheka, anasema ameingia hadi kiunoni na daktari asijue, mpwa wake amemshika mkono. Kisha anasema wamefika palepale, wameizamisha ndoo taratibu wakaiinamisha, na Karoti ametoka.

"Haendi," anasema. "Bahari yote hii, Dativa, anazunguka tu. Anakwenda kiasi kile cha kioo chetu, anageuka, anarudi, kama kuna ukuta." Mawimbi yanasikika muda. Mpwa wake anamwambia maji yanajaa, shangazi, tutoke. Anamjibu subiri. "Nimekaa naye nilivyoweza. Maji yamenifika kifuani, ikabidi nitoke. Nimemwacha bado anazunguka. Lakini sasa anageukia mbali kidogo. Kila mara, mbali kidogo."